Mtakuwa Wageni

Nchi hii haipo. Nalisema mapema ili asitokee mtu akavaa kofia isiyo yake, halafu akalalamika kwamba inambana. Haipo kwenye ramani, haina jirani, na viongozi wake hawafanani na kiongozi yeyote unayemjua. Ukiona wanafanana, macho yako hayo, kayaoshe.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na Wizara ya Mandhari na Mapumziko, na ndani ya wizara palikuwa na Hemedi Lupogo, Mkurugenzi Msaidizi wa Makisio. Alikuwa mtu wa shati jeupe na maneno machache, mzaliwa wa Bonde la Kiloweko, ingawa hilo la Kiloweko hakupenda kulitaja. Wenzake mjini wakimuuliza kwao wapi, alijibu "upande ule" na kunyoosha mkono, na mkono wenyewe haukuelekea upande mmoja kila siku.

Kazi yake ilikuwa kujua ni watu wangapi wanaotembelea misitu, maziwa na maporomoko ya nchi hiyo. Zamani kazi hii ilifanywa na askari wa getini, ambaye kila akipita mtu alichora kistari mchangani. Mvua ikinyesha, utalii ulishuka. Watu walikuwa wamezoea hivyo na hakuna aliyeumia.

Kilichoharibu mambo ni safari. Mlezi Mkuu wa Taifa alikwenda mkutanoni ng'ambo, akaulizwa nchi yake inapata wageni wangapi wa mapumziko. Akajibu kwa fahari, "Wengi." Kiongozi aliyeketi kando yake alipoulizwa alitaja namba ndefu yenye nukta, na baada ya nukta namba nyingine. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama huyo wa nukta. Mlezi Mkuu alirudi nyumbani amevimba. Akatangaza redioni kwamba taifa lisilo na nukta ni taifa lililo uchi, na akaiagiza wizara imletee nukta kabla ya sikukuu.

Ndipo ikaletwa programu ya kompyuta. Haikuwa na uchawi wowote, jamani. Siku hizi mtu akitembea hupiga picha, akaiweka mtandaoni, na picha hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Programu huziokota picha hizo, ikatazama na barabara, mito na hoteli zilizo karibu, halafu ikakisia: hapa hufika watu wengi, hapa wachache, na mkipitisha barabara pale wataongezeka. Mtaalamu aliyekuja kuifundisha, mzee mwenye ndevu na viatu vya kupandia mlima, alirudia mpaka sauti ikamkauka kwamba haya ni makisio tu. Asiye na simu haonekani, alisema, na kabla ya kuamua lolote lazima mtu aende kwa miguu yake akatazame. Wakampigia makofi, wakampa kinyago, wakamsindikiza uwanja wa ndege. Katika wizara ile, makisio yakishapigwa muhuri huitwa amri.

Jina rasmi la programu lilikuwa Mfumo wa Taifa wa Kukisia Wageni. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuyasema hayo yote akiwa na chai mdomoni, walilifupisha likawa MTAKUWA. Mabango yakatundikwa nchi nzima: MTAKUWA. Wananchi wakauliza, tutakuwa nini? Wakaambiwa wavute subira.

*

Ramani ya kwanza ya Mtakuwa ilionyeshwa ukutani mbele ya Waziri, Mheshimiwa Dakta Ponsiano Makeke, aliyepewa udaktari wake na chuo kimoja kwa kukubali kutokifunga. Penye watu palikuwa pekundu. Pasipo na watu palikuwa peupe. Ufukwe wa mahoteli ulikuwa mwekundu, na uwanja wa gofu pia. Kiloweko, kule bondeni penye chemchemi za moto na mashamba ya magimbi, palikuwa peupe pe.

Mheshimiwa Makeke akafurahi sana. Alisema Mungu ameipendelea nchi hii kwa kuipa ardhi ambayo hakuna mtu ameigusa, na kwamba mwekezaji mmoja, rafiki wa taifa na kidogo wa Waziri mwenyewe, anatafuta mahali patupu pa kuwindia nguruwe kwa bunduki kubwa. Patupu ndipo hapo.

Hemedi alikuwa ameketi kwenye kiti cha tatu kutoka mwisho. Mama yake mzazi, Bi Sikudhani, alikuwa anaishi katikati ya ule weupe. Neno la kusema lilikuwa fupi: Mheshimiwa, kule kuna watu, mmoja wao ndiye aliyenizaa. Lakini kumpinga Mtakuwa lilikuwa kosa tangu wiki iliyopita. Ofisa mmoja aliyesema kwamba Mtakuwa amelisahau ziwa zima alihamishiwa Idara ya Chumvi, idara ambayo haijaanzishwa bado, na mkewe alikuwa anaendelea kumtafuta. Tena kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi, kiti kizuri cha kuzunguka, na Hemedi alishaanza kukizoea kwa macho.

Kwa hiyo alinyamaza. Msimlaumu haraka. Alinyamaza akiwa na mpango.

*

Jumamosi yake alifika Kiloweko na mfuko wa simu za kuazima. Mama yake alikuwa shambani, matope magotini, anang'oa magimbi. Bi Sikudhani alikuwa mjane mwembamba mwenye mdomo mkali, na kijiji kizima kilimheshimu kwa vyote viwili. Alimtazama mwanawe, akautazama na mfuko, akauliza kama siku hizi serikali inamlipa kwa simu.

Hemedi akamweleza. Alisema kuna mashine mjini inayotazama nchi nzima, na ikitazama Kiloweko inaona miti tu. Watu wapige picha, yeye atazirusha mtandaoni, mashine iwaone, na hakuna atakayewagusa.

"Serikali ikikuona, mwanangu, ujue inataka kitu," mama akasema. "Sisi hapa hatujaonekana miaka yote, na wewe umekua mpaka ukavaa shati la kupiga pasi."

"Safari hii, mama, kuonekana ndiyo kupona. Niamini."

Akamwamini. Mama atafanya nini? Aliita majirani, na siku mbili Kiloweko ilikuwa harusi isiyo na bibi harusi. Wazee walivalishwa miwani ya jua. Wanawake walijipanga kando ya chemchemi wakishika viuno, wakaambiwa watabasamu, wakauliza watabasamu kwa lipi. Mzee Kihwelo, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipigwa picha anarukaruka, maana Hemedi alikuwa ameona mtandaoni kwamba watu wa mandhari hurukaruka. Mzee alikuwa na magoti mabovu, aliruka kidogo sana, lakini mashine haipimi urefu. Picha aliyoipenda Hemedi kuliko zote ilikuwa ya mama yake mlangoni pake, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango aliouchonga marehemu baba. Aliirusha ya mwisho, akalala vizuri.

*

Mtakuwa akaona. Kilichokuwa cheupe Ijumaa kikawa chekundu Jumatano, chekundu kuliko ufukwe. Hemedi aliiangalia ramani ile kwa furaha kama dakika moja, halafu akasoma maandishi ya chini.

Programu ile ilikuwa na neno moja tu kwa kila inayemwona: mgeni. Walioitengeneza hawakuwahi kuhitaji neno la pili. Hawakufikiri kwamba mtu anaweza kuwa mahali bila kufika.

Mheshimiwa Makeke akatangaza bungeni kwamba Kiloweko ndiyo mandhari inayotembelewa kuliko zote, na nguruwe wasubiri, sasa inajengwa hoteli. Mbunge mmoja aliyekuwa na usingizi akauliza kama hao si watu wa huko. Waziri alimjibu kwa upole kwamba Mtakuwa aliwahi kuiangalia Kiloweko kwa uangalifu na kukuta hakuna mtu. Wiki iliyofuata amekuta umati. Kama jana hapakuwa na mtu na leo wapo, mheshimiwa mbunge, hao ni wenyeji au ni wageni? Bunge zima likagonga meza, na mbunge akarudi usingizini.

Ndipo wananchi wa Kiloweko walipojua watakuwa nini.

Ukarimu ulianza mara moja, maana nchi hiyo ina sifa ya ukarimu. Lakini wageni wanahitaji wenyeji wa kuwapokea, na bondeni hapakuwa na mwenyeji hata mmoja. Wizara ikaajiri wenyeji kutoka mjini, vijana wenye afya waliofundishwa kucheza ngoma, wakavishwa majani. Walifika kwa basi, wakaenda mlango kwa mlango. Bi Sikudhani alifungua mlango wake asubuhi akakuta kijana wa majani anampa taji la maua na kumwambia, "Karibu, mgeni wetu, jisikie uko nyumbani." Akauliza nyumbani kwa nani. Kijana akasema hilo hakufundishwa, na akaomba maji ya kunywa.

Siku ya tatu akafika Waziri mwenyewe. Alisimama juu ya gari, akawashukuru wageni kwa kuichagua nchi yake miongoni mwa nchi nyingi za dunia. Aliwapa pole ya safari. Kisha akasema serikali yake haitungi sheria ngeni. Inapiga muhuri tu yale waliyokwisha kusema wahenga.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Leo ni siku ya ngapi?"

Majembe yakashushwa kwenye lori. Mengine yalikuwa ya watu hao hao, yamekusanywa nyumbani kwao jana yake kwa usalama wa wageni. Waziri alimkabidhi Bi Sikudhani jembe la Bi Sikudhani, wakapigwa picha wameshikana mikono, na bibi akaelekezwa pa kulima: barabara ya kwenda hotelini, iliyopita katikati ya magimbi yake.

Hemedi alikuwa nyuma ya Waziri, amebeba mwavuli. Mama yake alimwangalia mara moja akainama kulima. Usiku ule Hemedi alimtumia mama ujumbe kupitia jirani mwenye simu: avumilie, anatafuta njia. Na kweli alikuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta njia ambayo haipiti mbele ya kile kiti cha kuzunguka.

*

Sasa, Mtakuwa alikuwa amekisia kwamba wageni wa Kiloweko wataongezeka kila mwezi, na amri ni amri. Lakini watu walikuwa wale wale. Wizara ilikuna kichwa, ikapata dawa. Mgeni akitoka kwenye geti la bonde na kuingia tena, ni ziara mpya. Hivyo kila asubuhi kabla ya jembe, Kiloweko nzima ilisindikizwa kupanda kilima mpaka getini, ikatolewa nje, ikapewa taji la maua, ikaingizwa. Adhuhuri tena. Akina mama na watoto mgongoni walihesabiwa kama familia iliyo likizo.

Mzee Kihwelo na yale magoti yake alivumilia kwa muda. Siku moja, katika kuingia kwa adhuhuri, alianguka hapo hapo getini, taji shingoni, na hakuamka. Miguu ilikuwa ndani. Kichwa na kifua vilikuwa nje. Wenyeji wa majani waliacha ngoma.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya kitaalamu. Wengine walisema ameingia, kwa sababu mtu huingia kwa miguu. Wengine walisema hajaingia, kwa sababu mwenye mapumziko ni kichwa. Maiti ikakaa juani mpaka majibu yatoke wizarani, na watoto wake wakikatazwa kuivuta upande wowote, wasije wakaharibu takwimu. Jioni Mkurugenzi Msaidizi wa Makisio akatoa uamuzi, kwa sababu ilikuwa kazi yake kutoa uamuzi: ahesabiwe nusu.

Mlezi Mkuu alipoletewa taarifa ya mwezi aliisoma mara mbili. Pale mwisho wa namba kubwa palikuwa na nukta, na baada ya nukta palikuwa na tano. Machozi yalimtoka. Aliagiza wizara ipewe ng'ombe, na Hemedi Lupogo akakalishwa kwenye kiti cha Mkurugenzi. Kilizunguka vizuri kama alivyodhani.

*

Lakini watu wa Kiloweko walikataa kupanda kilima. Walimzika Kihwelo wakakaa chini, majembe pembeni, na habari zikaanza kuvuja ng'ambo kwamba wageni wa nchi hiyo wana njaa. Mheshimiwa Makeke, mtu mwenye huruma anapotazamwa, akatangaza Baraza la Uenyeji. Mtu yeyote anayedai kuwa ni mwenyeji wa Kiloweko ajitokeze, alete ofisa mmoja wa serikali wa kumshuhudia. Mmoja tu akithibitika kuwa mwenyeji, basi Mtakuwa atakuwa amekosea, na bonde zima litaachwa na mashamba yake. Asipopatikana, wageni wote watarudishwa makwao kwa mabasi.

Alilitangaza bila wasiwasi, kwa kuwa alijua kwamba tangu nchi iumbwe Kiloweko haikuwahi kutoa ofisa. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na Mkurugenzi wa Makisio, siku aliyomuuliza kwao wapi.

Siku ya baraza walikaa chini ya turubai, mabasi nyuma yao injini zinanguruma. Wageni halisi wachache, wenye kamera, walikuwa wamealikwa waone haki ya nchi hiyo. Waziri akauliza nani anadai. Bi Sikudhani akasimama. Alikuwa amevaa kanga mpya na amenyoosha nywele kwa maji, kama mtu aendaye kumposea mwanawe.

Hakusema mengi. Alisema ameolewa hapa, amefiwa hapa, na nyuma ya jiko lake, chini ya mgomba, amekizika kitovu cha mwanawe wa pekee. Waziri akauliza huyo mwana ni nani na yuko wapi, maana kitovu hakitoi ushahidi.

"Yupo hapa hapa," Bi Sikudhani akasema. "Sitamwonyesha kwa kidole. Ana mdomo, atasema mwenyewe."

Akasubiri. Hakumtazama Hemedi hata kidogo. Alitazama mbele, ili watu wasijue kabla yeye hajapenda wajue. Aliendelea kumfichia aibu mpaka hapo.

Naye Hemedi alikuwa anakisia, na alikuwa mkisiaji mzuri. Akisema ndiyo, itajulikana kwamba alimdanganya Waziri. Akisema ndiyo, wataulizana nani alizirusha zile picha, na Idara ya Chumvi itaanzishwa siku hiyo hiyo. Akisema hapana, mama atapanda basi kuja mjini, na mjini yeye ana nyumba yenye chumba cha nje, kitanda cha chuma, umeme. Si heri hiyo kuliko matope? Alijionea huruma kidogo, akajiona mwana mwema anayefikiri mbali.

Waziri akachoka kusubiri, akamgeukia. "Mkurugenzi, wewe ndiye mtaalamu wetu. Huyu bibi unamfahamu?"

"Simfahamu, Mheshimiwa," Hemedi akasema. "Ni mgeni."

Chini ya turubai walikuwepo watu waliomwogesha mtu huyu chemchemini akiwa mtoto. Bi Sikudhani aliinamisha kichwa polepole mara moja, kama anayepokea pole msibani, akaketi. Kisha akainuka tena, kwa sababu mabasi yalikuwa yanaita.

*

Mabasi yaliwarudisha wageni makwao. Dereva aliuliza kwao ni wapi, hakuna aliyejua, basi akawashusha stendi kuu ya mji mkuu, kwa sababu pale ndipo kila mtu huanzia.

Hemedi alikuwa ameandaa kile chumba cha nje. Alinunua shuka, akamwambia mkewe kwamba anakuja shangazi wa mbali. Baada ya kazi akachukua gari la serikali lenye mapazia, akaenda stendi, akawakuta watu wa Kiloweko wameketi sakafuni karibu na vibanda vya tiketi, kila mmoja na kifurushi. Mama yake alikuwa katikati, anamgawia mtoto wa mtu gimbi la kuchemsha alilolitoa bondeni, la mwisho. Hemedi alisimama pembeni mpaka alipohakikisha hakuna mtu wa wizara anayepita. Kisha akasogea, akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini kama zamani.

"Shikamoo, mama."

Bi Sikudhani akainua uso. Alimtazama shati, akamtazama uso, bila hasira, kwa adabu ile ile mtu mzima anayompa kijana wa watu aliyemsalimu njiani.

"Marahaba, baba," akasema. "Wewe mtoto wa nani?"

Watu wa Kiloweko waliacha kutafuna. Wote walimjua Hemedi tangu anatambaa, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia kujibu.